Klarineti ya Kaka na Amina Yangu

Kanisani
Jumanne, 4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha leo, wewe huko na mimi huku. U hali gani hapo kambini? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa kila ukifunua sufuria? Usinijibu "sijambo" tu kama barua iliyopita. Nataka kujua unalala vipi na unakula nini, maana mpishi wa mgodi anayelisha watu mia mbili namjua, yeye mwenyewe hushindia chai. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linalalamika nikipiga deki upande wa madhabahu, nikifika upande wa mlango linanyamaza. Nadhani linachagua.

Sasa kaa chini. Kama umesimama jikoni, mwachie mwenzako mwiko.

Kaka alikuja Jumapili baada ya ibada. Nilikuwa nakunja vitambaa nikamwona mlangoni na lile sanduku lake dogo jeusi la klarineti, amelikumbatia kama mtu aliyekuja kuaga. Daktari wa meno amemwangalia. Meno mawili ya juu, ya mbele, mizizi imeoza, lazima yatoke mwezi ujao. Nikamwambia pole, utakunywa uji, mbona wengi hawana meno na wanaishi. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Ndipo akanieleza jambo ambalo miaka yote hii sikulijua: klarineti huegemea meno ya juu. Mdomo wa chini unakuwa mto, meno ya juu yanashika, pumzi inapita katikati. Ukiyang'oa ni kama umeng'oa bawaba za mlango.

Miaka thelathini na moja amepuliza katika bendi ya polisi, mstari wa pili, matarumbeta mbele yake na ngoma nyuma yake. Sasa amestaafu, na kabla meno hayajatoka anataka kitu kimoja tu. Anataka arekodi muziki mmoja wa kale, wa klarineti na piano peke yake, ule wa kusomwa kwenye karatasi. Una sehemu tatu. Ameufanyia mazoezi tangu ujana na hajawahi kuupiga mbele ya mtu. Piano atapiga Mwalimu, yule mama mstaafu wa shule ya muziki, mkali kama pilipili lakini mikono yake ni ya malaika. Mchungaji amewapa kanisa letu siku tatu, kwa kuwa piano yetu ni nzima na dari yetu ni ya mbao. Na mimi mtunza kanisa ndiye nitakayelinda ukimya.

Ninajua wewe na kaka hamjasemezana miaka tisa, tangu tulipomzika baba naye hayupo. Sikuhukumu. Wewe ndiye uliyemuuguza baba, wewe ndiye uliyemwosha. Mimi nilifika siku mbili za mwisho. Lakini hiyo sahani ya muziki wanayoiita sidii ikitoka nitakutumia, na ninataka uisikilize. Mara moja tu. Sikuombi umsamehe, nakuomba masikio yako. Umri umekwenda, ndugu yangu, na naogopa mmoja wenu atazikwa mwenzake bado amenuna.

Dada yako


Jikoni, kambini
Jumamosi, 15 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Kifua kimepona, na nikilala ni kama gunia limeangushwa. Jana nimekula mara mbili, tena nikiwa nimekaa, tia hilo kwenye maombi yako ya shukrani. Goti nalo lipe pole, ulihubirie liokoke.

Kuhusu sidii, jibu langu ni hapana.

Wewe unakumbuka mazishi. Mimi nakumbuka njia ya kurudi. Tumemwacha baba ardhini, mikono yangu bado ina udongo, tunapita kwa fundi viatu, na redio yake iko dirishani. Mtangazaji anasema bendi ya polisi inawatumbuiza wakubwa kwenye sherehe. Saa ileile, dada. Nikasimama pale na koleo begani. Watu wakanivuta twende, sikwenda. Nilisikiliza mpaka mwisho, na katikati ya matarumbeta yote yale niliijua klarineti yake. Inachekacheka, watu wacheze.

Anasema mkuu wake alimnyima ruhusa. Angevua kofia akaja. Kazi ziko nyingi, baba alikuwa mmoja.

Kwa hiyo meno yang'oke salama. Hapa kuna mashine moja tu ya sidii, iko ukumbi wa kulia na wachimbaji hawaiachii. Ukiituma hiyo yako nitafunikia kikombe nzi wasiingie.

Usinune. Niandikie habari nyingine.

Mdogo wako


Kanisani
Jumapili, 2 Machi

Mdogo wangu,

Amani iwe kwako, na kifua kizidi kuimarika. Barua yako nimeisoma mara tatu. Hiyo habari ya redio kwa fundi viatu hukuwahi kuniambia, na nimelia. Sitakulazimisha. Lakini umesema nikuandikie habari, nami sina nyingine, na nisipokuandikia wewe nitapasuka. Nimefanya kosa la aibu.

Ngoja nianze mwanzo. Mtu wa kurekodi alifika Alhamisi asubuhi na nyaya tele. Tumempa jina Fundi Masikio. Kitu cha kwanza, alisimama katikati ya kanisa, akapiga kofi moja, pa!, akafumba macho. Nikadhani anaomba, nami nikainamisha kichwa. Kumbe anasikiliza kofi linakwenda wapi. Akafumbua macho, akaniambia, "Mama, kanisa lako lina kelele."

Mimi huyu! Niliyefunga madirisha yote! Akanizungusha. Friji ya ofisi ya mchungaji inanguruma. Saa ya ukutani inagonga. Bomba linadondosha. Benchi la tatu linalia hata ukipita karibu nalo. Miaka kumi na minne nafagia humo na sikuwahi kusikia hata kimoja. Nikazima friji, saa nikaifunga blanketi nikaipeleka uani, bomba nikalitia kitambaa, kiti cha piano nikakivalisha soksi zangu za sufu miguu yote minne. Nikaenda kwa seremala jirani kumsihi asishike msumeno mpaka saa saba. Akasema, "Sawa Mama Ukimya, na mke wangu je, utamnyamazisha kwa maombi yapi?" Basi mtaa mzima umeshika hilo jina.

Kaka na Mwalimu walipokaa mahali pao, Fundi akarekodi dakika nzima hakuna kitu. Hakuna! Nikamnong'oneza, "Sasa hii utampa nani?" Akasema, "Huu ndio uzi wangu, Mama. Nikitaka kushona mahali, nashonea ukimya wa kanisa lako. Wa chumba kingine hauingii." Nilidhani ukimya ni ukimya tu.

Kisha kaka akalowesha ule ulimi wa klarineti, kipande chembamba cha mwanzi, akaukalisha mdomoni kama mtoto na peremende. Akaufunga mahali pake. Mwalimu akaweka mikono, wakatazamana, wakaanza.

Sijui nikuelezeje. Nilitegemea kelele za bendi. Sauti ilitoka chini kabisa, nene, laini, kama mtu anayetaka kukwambia jambo na bado hajaamua. Piano haikumfuata, ilimjibu. Akapanda, nami sikuona alipokanyaga. Alipofika juu sauti ikawa nyembamba, ikapungua, ikapungua, mpaka sikujua kama imekwisha au ni masikio yangu yaliyoshindwa kuifuata. Mdogo wangu, nimeimba kwaya miaka thelathini. Kila wimbo ninaoujua una maneno, na maneno ndiyo yanayonionyesha mahali pa kulia. Huu haukuwa na neno hata moja, na nililia mahali ambapo hakuna aliyenionyesha. Nilisimama pale miguu mitupu nikajiuliza: huyu ndiye kaka yetu, anayekoroma, anayesahau kofia yake kila anapokwenda? Hii ilikuwa ndani yake siku zote, tukipitishiana chumvi?

Siku mbili wakamaliza sehemu mbili. Jana Jumamosi ilibaki ya tatu, ya polepole. Jino lilikuwa linamtesa, ameweka kikaratasi kilichokunjwa kati ya jino na klarineti. Wakapiga mara tatu, Fundi akatikisa kichwa. Mara ya nne ndiyo ikawa yenyewe, na kila mtu alijua. Mwalimu aliacha kutazama karatasi. Mimi niko mlangoni, kazi yangu ni kuzuia watu. Sauti ya mwisho ni ndefu, klarineti juu ya piano. Ikashuka. Ikanyamaza. Mkono wa Fundi ulikuwa bado uko juu, na tuliambiwa mkono ukiwa juu hata kumeza mate ni mwiko. Nilijua. Niliuona mkono. Na mdomo wangu ukasema:

"Amina!"

Wala si kwa kunong'ona. Kwa sauti, vile tunavyoitikia mtu akimaliza kuomba. Ulimi haukuniuliza. Tangu utoto tumefundishwa kwamba sala ikiisha unaitikia, usipoitikia umemwacha mwenzako peke yake mbele za Mungu.

Mwalimu akageuka. "Nani huyo? Mama Ukimya? Wewe?"

Fundi akashusha mkono taratibu. "Piano ilikuwa bado inalia, Mama. Zilibaki sekunde nne."

Sekunde nne! Nilitamani sakafu niliyoipiga deki inimeze. Kaka hakunigombeza. Alilamba mdomo akasema, "Turudie." Wakarudia. Katikati akasimama ghafla, akatoa klarineti, ncha yake ina damu, na jino limelala kiganjani mwake kama punje ya hindi. La pili daktari analing'oa kesho.

Mwalimu amesema sehemu mbili bila ya tatu ni nyumba bila paa, heri wafute yote. Hawajaamua. Niliwekwa kulinda mlango, na mwizi nikawa mimi mwenyewe. Niombee, ndugu yangu.

Dada yako


Jikoni, kambini
Jumatano, 12 Machi

Dada,

Shikamoo. Goti halijambo? Mimi sijambo. Nimeisoma barua yako nikacheka mpaka mwosha vyombo akanusa kikombe changu. Mama Ukimya!

Usijitese. Kwa maoni yangu si kosa. Kuna mtu alipuliza muziki wakati wenzake wanaitikia Amina kaburini. Hiyo Amina imemfuata miaka tisa, imemkuta kanisani kwako, na imemharibia kazi. Sasa tuko sawasawa. Mungu anajua kupanga.

Mdogo wako


Kanisani
Alhamisi, 24 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Natumai u mzima wa mwili. Ni wiki sita sijakuandikia na unajua sababu. Nilikaa kukujibu siku ileile, nikaona kalamu inaandika matusi, nikaiweka. Nimefunga siku tatu nikimwomba Bwana aniondolee hasira. Siku ya nne ikabaki kidogo, hii hapa: acha kumfanya Mungu awe mdogo kama ugomvi wenu. Basi, imetoka. Sasa ni dada yako tena.

Fundi alirudi na mashine yake, tukakaa ofisini kwa mchungaji. Kaka midomo imeingia ndani, amezeeka miaka kumi kwa meno mawili. Fundi akatusikilizisha kwanza alivyokata mwisho kabla ya Amina yangu. Alishonea ule ukimya wa kanisa vizuri kabisa, lakini piano ilikatika kama kitambaa kwa mkasi. Hata mimi nisiyesoma muziki nilishtuka. Kisha akapiga ule mwisho ulivyokuwa. Sauti ya kaka inashuka, piano inafifia, halafu mimi. Sauti pana, ya mama aliyetoka kumwaga maji. Nilitaka kuingia chini ya meza.

"Kwenye muziki kama huu?" Mwalimu akasema. "Watatucheka."

Kaka akaomba ipigwe tena. Ikapigwa. Akaomba tena. Kisha akasema, maneno yakimponyoka kwenye pengo, "Nimepuliza miaka thelathini na moja. Wamenipigia makofi, wamenipigia saluti, wamecheza, wengine wamelewa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniitikia. Iacheni."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Mwisho akasema, "Basi huyu mama aandikwe kwenye jalada." Nikakataa katakata. Wameandika hivyo hivyo. Utaona nyuma, chini kabisa, herufi ndogo: Sauti ya mwisho, dada.

Kaka aliniuliza, "Mdogo wetu umemwambia?" Nikasema nimemwambia. "Amesemaje?" Nikasema barua yake haijafika. Ni uongo, na nimeutubia, lakini sikuweza kumtazama lile pengo nikamwambia umekataa.

Sidii nimeifunga ndani ya kitambaa, iko humu. Ukitaka funikia kikombe.

Dada yako


Kanisani
Jumatatu, 9 Juni

Mdogo wangu,

U mzima? Ni hilo tu nauliza. Wiki ya saba hii. Kama umeitupa sema umeitupa, nitajua uko hai.

Kaka huja kila Alhamisi tunakunywa chai. Klarineti ameifuta, ameiweka sandukuni, hajaigusa tena. Haulizi habari zako kwa mdomo. Anatazama tu ile rafu ninapoweka barua.

Dada yako


Jikoni, kambini
Jumamosi, 5 Julai

Dada yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Ni mzima, kifua kizima, kichwa ndicho sina hakika nacho. Sikuitupa. Niliiweka stoo juu ya magunia ya mchele. Kila nikienda kuchota naiona. Nikaigeuza uso chini, kesho yake nikaikuta nimeigeuza juu tena, na aliyeigeuza ni mimi.

Juzi asubuhi wachimbaji wote waliitwa mkutanoni, ukumbi ukabaki mtupu. Nimebandika maharage, natazama ile mashine, nayo inanitazama. Nikaichukua nikaiweka kwenye meza ya kukatia vitunguu. Nikajiambia nitasikiliza ile Amina ya dada nicheke, basi. Sikujua kuruka mbele, nikaanza mwanzo.

Sasa nikwambie kitu ambacho wewe hukukisikia, kwa kuwa ulisimama mlangoni. Fundi wako aliweka maikrofoni karibu na mdomo wa kaka. Kabla ya sauti ya kwanza kuna pumzi. Anavuta. Na havuti mara moja: anavuta fupi, anasita, kisha anavuta ndefu, na puani kuna kamluzi.

Dada, hiyo ni pumzi ya baba.

Mwaka mmoja na miezi miwili nililala naye chumba kimoja. Alipotaka nimwinue, kabla hajaniita, alikuwa akivuta hivyo. Fupi, anasita, ndefu, na kamluzi. Nikiisikia tu nilikuwa nimeshasimama. Nilijua nimeizika pamoja naye, maana hakuna mwingine anayeijua. Wewe hukuwepo, na kaka mwenyewe nina hakika hajui kama anayo. Juzi ikatoka kwenye mashine, na mwili wangu ukasimama wenyewe, mikono mbele, ukienda kumwinua mtu. Nikajikuta nimevishika vitunguu.

Nikarudisha mwanzo. Nikakaa juu ya gunia, nikasikiliza zote tatu. Kati ya pumzi na pumzi kuna ule muziki, na kama ulivyosema hauelezeki. Mimi niliijua pumzi ile inavyogeuka kikohozi. Niliijua inavyogeuka jina langu. Sikujua inaweza kupanda vile, ikaenda kule juu ikatulia, haiumwi, haimwombi mtu aishike. Nilikuwa nikimsikiliza baba akipumua vizuri. Maharage yakaungua. Watu mia mbili wamekula maharage ya kuungua, na walipouliza nikasema nina msiba. Wakanipa pole, mmoja mmoja, sahani mkononi. Nikapokea zote. Siku ile ya baba sikuwa nimepokea hata moja.

Amina yako ilipofika sikucheka. Ilinikuta nimeshasema yangu.

Redio ya fundi viatu sijaisahau, sitakudanganya kwamba yamekwisha. Nitamuuliza kaka mwenyewe, anijibu mwenyewe, uso kwa uso, na huenda nikapaza sauti, kwa hiyo tusikutane kanisani. Nimepewa likizo kuanzia tarehe ishirini na sita. Nakuja na visu vyangu. Nataka kumpikia wiki nzima.

Ila nimempikia kila aina ya mtu, na sijawahi kumpikia asiye na meno ya mbele. Sitaki siku ya kwanza tu nimtie aibu mezani. Muulize kwa upole, usimwambie ni mimi ninayetaka kujua. Au mwambie, vyovyote. Nyama niichemshe mpaka iachie mfupa, au niisage? Mkate anaukata kwa meno ya pembeni, au anauchovya? Nijibu upesi, dada, kabla sijafunga mzigo.

Mdogo wako